Sale la Uani Kwangu

Jamani, leo mtu kaja kuniomba msamaha kwa jani langu mwenyewe!

Mnamkumbuka jirani yangu wa hapa Sekei, Mama Gloria? Yule aliyepulizia dawa alizeti zangu, eti nyuki wanamsumbua.

Nyuki walikufa. Binti yangu Neema, na udogo wake, akawa anawaokota na kuwapulizia pumzi ili waamke.
Nililia.

Basi sasa maboga ya Mama Gloria yanatoa maua tu, kisha yanadondoka. Nyuki wa kuyachavusha si kawaua?

Asubuhi nikasikia hodi. Ni yeye, kashika sale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha. Ukiletewa sale hukatai.

Shikamoo nikampa, maana nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu. Yaishe. Panda tena alizeti, nyuki warudi. Maboga yangu yanakwisha."

Nikatazama sale. Nikatazama uzio wangu wa masale.
Shina moja limekatwa, bado bichi!

"Mama Gloria, umekata sale langu uje kuniombea msamaha?"

"Kwani sale si sale tu?"

Weee!

Nikamrudishia mkononi, kwa upole kabisa.

"Lichomeke kwako, mama. Likishika, likikua, kata lako uje. Nitakusamehe siku hiyohiyo."

Kopo la mbegu za alizeti lilikuwa dirishani, analiona. Sikumpa hata moja.

Wachaga wenzangu, semeni: aliyevunja mila ni mimi au yeye?
Atakayemtetea asije kwangu kuomba mbegu.