Jiwe Jeusi la Shimo la Choo

Miaka ile ya wakimbizi, sisi wa Kirushya hatukutulia; kila mtu alitafuta cha kuuza sokoni Kabanga. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuta mawe meusi yanayometa alipokuwa akichimba shimo la choo. Akasema ni madini ya bati, na kesho angeng'oa maharage yaliyokwisha kutoa maua achimbe shamba zima.

"Ni mazito mno!" alinihakikishia.

"Umepima pamoja na udongo mbichi, shemeji. Osha kwanza."

Alipoosha moja, likawa jepesi.

"Vizuri. Sasa ingiza ukucha pembeni."

Utando mwembamba ukabanduka. Nikamwambia aupinde, auachie, ukanyooka wenyewe. Alipouinua juani, mwanga wa kahawia ukapenya.

"Bati halibanduki hivyo," nikasema. "Huu ni ulanga mweusi, jiwe la matabaka lisilo na bei, na sasa umeupima vizuri mwenyewe."

"Na watu wa Kabanga niliowaahidi bati niwaambie nini?"

"Waambie tunakula maharage," dada akamjibu, akachukua jembe kwenda kupalilia.

Shemeji hakutulia. Alizunguka lile shimo hadi jioni, akibandua jiwe moja baada ya jingine, akitafuta litakalogoma kubanduka.