Mwanika usipa aliyezikana mbio za Lidia

Saa moja kasoro asubuhi, jua halijapanda vizuri upande wa milima ya Umatengo, na Hilda Meshack anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mikono yake inageuza usipa, wale dagaa wembamba wa Ziwa Nyasa, juu ya chanja ya matete. Macho yake yako uwanjani, hatua thelathini kutoka hapo, ambako wasichana watano wa Lundo wanapokezana kijiti.

"Mkono nyuma! Usigeuke! Ukigeuka unamtafuta nani?" anafoka, na usipa wawili wanaanguka mchangani.

Kijiti chenyewe ni kipande cha mpini wa jembe kilichopigwa msasa. Wasichana hawageuki tena.

Hilda ana miaka 47 na hamwamini mtu. Wala hafichi. Akinunua usipa mtumbwini, anakwenda na ndoo yake mwenyewe. Akipeleka mahindi mashineni, anasimama mlangoni mpaka unga wote utoke. Katekista akitangaza kwamba ibada ya Jumapili ni saa tatu, Hilda atamfuata mzee wa kanisa pembeni amuulize kama kweli ni saa tatu.

"Mimi hawanipigi," anasema. "Walishanipiga mara moja, basi, ikatosha."

Wiki hii anasubiri simu. Kocha Adrian, aliyepewa kazi ya kuteua wasichana wa timu ya taifa ya mbio za kupokezana vijiti, zile za mita 100 kwa kila mkimbiaji, ameahidi kutoa majina ya watakaoingia kambini. Nafasi ni nane kwa nchi nzima. Kati ya hao, wanne ndio watakaokimbia.

Jina linalongojwa hapa Lundo ni la Lidia, miaka 19, mtoto wa marehemu mdogo wake Hilda. Hilda amemlea tangu akiwa na miaka sita. Jina la Lidia kwenye daftari la kocha huyo lina alama ya kuuliza pembeni, na aliyesababisha alama hiyo ni Hilda mwenyewe. Kijiji kizima kinajua.

Ukitaka kuelewa mwanamke huyu, anza na hiyo mara moja aliyopigwa.

Mwaka 1996, akiwa msichana wa shule, alichaguliwa kukimbia wa tatu katika timu ya mkoa ya kupokezana vijiti. Akafua sare, akasuka nywele, akaaga. Asubuhi ya safari akakuta jina lake limekatwa, na juu yake limeandikwa jina la msichana ambaye hakuwahi kumwona hata akikimbia mvua.

"Niliambiwa mguu wangu unauma," Hilda anakumbuka. "Mimi mwenye mguu sikuwa na habari hiyo."

Hakukimbia tena. Lakini miaka mitano iliyopita, alipomwona Lidia akimfukuza mbuzi ufukweni na kumkamata, moyo ukamrudi. Akaamua kutengeneza uwanja, na akaapa kwamba kwenye uwanja wake hakuna atakayemwibia mtu hata hatua moja.

Tepu ya kupimia hakuwa nayo. Alikuwa na wavuvi. Wavuvi wa huku hupima kamba za nyavu kwa pima: unanyosha mikono yote miwili, na kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile ndiyo pima moja. Hilda alipiga hesabu kwenye daftari, akapata kwamba mita mia ni pima hamsini na tano.

Akamwita Zabron. Si kwa bahati. Zabron ni mjomba wake, mzee mwenye mikono mirefu kuliko wote Lundo, na kila anayenunua kamba hapa anaomba apimiwe na Zabron, kwa sababu ndiye anayempa mtu kamba ya kutosha.

"Nilimwambia, mjomba, shikamoo, naomba usinipunje," Hilda anasema.

Zabron hakumpunja.

Mwaka mmoja uliopita Hilda akapata saa ya kupimia mbio, na hapo ndipo shida ilipoanza. Lidia alikimbia uwanja huo mara ya kwanza akatumia sekunde 13.6. Mwezi wa pili, 13.5. Mwezi wa sita, 13.3. Ikagoma hapo. Mvua ikanyesha, jua likawaka, saa ikasema 13.3.

Hilda akaanza kumtazama mtoto kwa jicho lingine. Msichana mwenye miguu ile atakwamaje? Lazima anategea. Akadhani ni kijana. Akamfuata mpaka shamba la mihogo, akajificha nyuma ya mashina, akamkuta Lidia analima peke yake huku anaimba. Akadhani ni chakula, akamhesabia ugali. Mwisho akaamua kwamba kinachomchosha ni kwaya ya kanisa, ile ya mazoezi ya kila Jumatano na Jumamosi.

Akamtoa kwaya. Lidia alikuwa anaongoza sauti ya pili.

"Nililia siku mbili," Lidia anasema. "Halafu nikakimbia, nikapata 13.3."

Mwezi uliopita kocha Adrian akaita mchujo Mbinga mjini. Alitaka wasichana kumi na wawili kutoka pande hizi, makundi mawili ya watu sita. Lidia aliitwa wa mwisho kabisa, kwa muda ule ule wa 13.3, ili njia ya sita isikae wazi. Hilda aliuza usipa wa wiki nzima apate nauli ya wawili.

Mbinga ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Uwanja uko chini ya mteremko wenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, mahindi yakiwa yameota kwenye kingo zake, na kahawa ya watu imeusogelea mpaka kwenye mstari wa nje. Mwenyeji alikuwa mwalimu Joakim, mkulima wa kahawa anayefundisha michezo. Alimpa Hilda kiti. Hilda akakikagua kabla ya kukalia.

Kila kitu kilimtia shaka. Wasichana wa milimani walikuwa wanaongea Kimatengo, wakicheka. Wanacheka nini? Joakim alikuwa anampigia kocha Adrian chokaa ya mistari. Kwa nini yeye? Na mbona uwanja unaonekana hivi, kama umekatika mbele?

Kundi la kwanza likakimbia. Beata wa Namswea, msichana mrefu aliyezoea miinuko, akamaliza kwa sekunde 12.4. Hilda akaguna.

Kundi la pili likakimbia. Lidia, njia ya sita, akatoka kama aliyeitwa na mamaye, akamaliza wa kwanza katika kundi lake. Watu wakapiga makofi. Hilda akatazama saa aliyoishika mkononi. 12.6. Akaifuta kwa kanga, akaitazama tena.

Mzazi mwingine angepiga vigelegele mpaka kahawa ipukutike. Hilda alikwenda moja kwa moja kwa kocha Adrian, watu wote wakisikia, Lidia akiwa bado ameinama anatafuta pumzi.

"Kocha, uwanja huu mfupi," alisema. "Huyu msichana ni wangu, namjua. Hana mbio hizo."

Jamani! Lidia akainua kichwa.

Joakim hakugomba. "Mama, tupime tu," alisema, kwa upole uliomuuma Hilda kuliko tusi. Tepu ndefu ya mafundi wa barabara ikaletwa, ikatandazwa mbele ya macho ya wote. Mita 100 na sentimita mbili.

Hapo ndipo kocha Adrian alipofunga daftari lake polepole. "Mama Hilda, uwanja uko sawa. Wewe uliniletea muda wa 13.3. Na wewe mwenyewe, unayemfundisha, umesema mbele ya watu hana mbio hizi. Sasa niambie, huyu aliyekimbia hapa ni nani?"

Neno mamluki likaanza kupita midomoni. Mamluki ni mkimbiaji wa kuazima, anayekimbia kwa jina la mwenzake, na kwenye michezo ya shule hakuna tuhuma inayonuka kuliko hiyo. Lidia akatakiwa kutoa kitambulisho. Wakatazama picha, wakatazama uso, wakatazama picha tena. Yeye akasimama tu, mikono imening'inia.

Kocha akaandika jina lake, akaweka alama ya kuuliza. Akasema hatampitisha mpaka mtu wa kuaminika aende Lundo akaone kule kunapimwaje. Joakim akajitolea.

"Nikajua wamepanga," Hilda anakiri. "Yaani hata pale, bado nikajua wamepanga."

Waliporudi ziwani Lidia alikwenda kuchota maji, akarudi, akapika, akalala.

Joakim alishuka Alhamisi kwa pikipiki, tepu imefungwa nyuma. Hilda akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba upande wa sifuri atashika yeye. Joakim akasema haya. Wakanyosha. Hilda akampa Lidia ashikilie sifuri, akaenda mwenyewe kusoma upande wa pili.

Mita 106 na sentimita 40.

Wakapima tena. Mara ya tatu Hilda aliikagua tepu kwa vidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kuona kama imewahi kukatwa ikaunganishwa. Ilikuwa nzima. Zabron akaitwa kutoka kwenye nyavu zake, akasimama mchangani, akanyosha mikono, na Joakim akampima kama mshonaji anavyompima bwana harusi. Sentimita 193 na ushee. Ukizidisha mara hamsini na tano, unapata uwanja wa Lundo.

"Uliniambia nisikupunje," Zabron alimwambia mpwa wake, ameshangaa kweli. "Haya, nimekupunja?"

Joakim alicheka mpaka akakaa chini. Zabron akacheka kwa kuwa Joakim amecheka. Hilda hakucheka. Alikuwa anamtazama Lidia.

Msichana alikuwa amekwenda mpaka pale Joakim alipochomeka kijiti kuonyesha mita mia halisi. Akasimama hapo, akatazama mstari wa mwisho aliokuwa akiukimbilia miaka yote. Akatembea kutoka hapo hadi kwenye mstari. Hatua nane.

"Mama mkubwa," akauliza, "kwaya nilitolewa kwa ajili ya hizi?"

Hilda anaposimulia sehemu hii anaacha kugeuza usipa. "Nilitamani mchanga unimeze," anasema. "Mtoto alikuwa ananipa mbio zake zote, na mimi namvizia kwenye mihogo."

Kwao mtu mzima hamwombi mtoto msamaha hivi hivi. Unamkatia kipande kizuri cha samaki, unamwekea kwenye sahani yake, yeye anaelewa, yamekwisha. Jioni ile Hilda alimkatia Lidia mgongo wa mbasa. Lidia akala, akashukuru, akaosha vyombo. Hayakwisha.

Asubuhi yake Hilda akafanya jambo ambalo majirani bado wanalizungumza. Alimfuata Lidia uwanjani, mbele ya wenzake, akasema, "Nimekukosea, mwanangu. Nilikushuku bure." Kisha akaenda mwenyewe kwa mwalimu wa kwaya, akamwomba ampokee tena.

Joakim naye alipelekewa ndoo ya usipa. Akapiga simu kwamba ameipokea, ameiweka kwenye mzani wa kahawa, na haijapunjwa. Hilda alichukua muda kuelewa kwamba anataniwa.

Leo saa nne kasoro, usipa wameanza kukauka juu, simu inaita. Hilda anafuta mikono, anaitazama namba kana kwamba inamdai. Ni kocha Adrian. Anasema amepata taarifa ya Joakim, amerudia hesabu zake, na Lidia yumo katika wanane.

"Rudia," anasema Hilda. Kocha anarudia. "Niandikie ujumbe." Kocha anaahidi. "Jina lote, na la baba yake."

Ujumbe unaingia. Hilda anausoma, anampa Zabron asome, anampa msichana mwingine asome kwa sauti. Ndipo anakaa kwenye mchanga na kujifunika uso kwa kanga. Wasichana wanapiga vigelegele na kumrukia Lidia, kijiti kinapotelea miguuni mwao.

Kambi inaanza baada ya wiki mbili. Lidia na Beata wa Namswea watasafiri pamoja. Baada ya kambi kutakuwa na mbio za mwisho jijini, mbele ya watu, ili wanne wapatikane. Lidia anataka kukimbia wa tatu, kwenye kona, ambako anasema anaona wengine wanaogopa.

Swali la kama amemsamehe mama yake mkubwa analijibu akiwa anafunga kamba za viatu, bila kuinua uso.

"Alinitunza, siwezi kumnunia," anasema. "Lakini alisema mbele za watu kwamba sina mbio hizo. Nataka siku ile awepo. Aseme tena mbele za watu."

Hilda amesikia. Tayari amepanga: ataanika usipa mara mbili zaidi mwezi huu, chanja ataiacha kwa Zabron, na atapanda gari. Hajawahi kufika jijini, na amekwishaambiwa kuwa kule kuna wezi.

"Waibe tu," anasema. "Nitakwenda. Nitasimama pale kwenye kona, na akipita nitapiga kelele mpaka wanishangae. Wakiniuliza mbio zile ni za nani, nitawaambia ni zake. Zote ni zake."