Upanga wa Mkono wa Kushoto

Kaka yangu alikuwa mkwezi wa minazi hapa kwetu Zinga, na kwenye gemu alikuwa mtu wa panga mbili. Gemu yenyewe ni ya mazimwi: unachagua silaha, unaingia pangoni. Mimi nilichagua upanga mkubwa, ule unaoshikwa kwa mikono miwili.

Kila tukimaliza kula mchana tulibishana. Yeye alisema upanga wangu ni mzito, mpaka niunyanyue zimwi limeshanitafuna. Nikamwambia zake zinakwaruza tu kama paka. Wangu ukitua, umetua. Kwenye pedi ya kuchezea, kidole cha kushoto hupiga kwa upanga wa kushoto, cha kulia kwa ule wa kulia, na kaka alivyovipishanisha, looh, ungedhani anapiga ngoma. Nilimwonea wivu, sikatai.

Basi mwaka huu, baada ya mfungo, upanga wa kushoto ukaanza kunyamaza. Wa kulia unapiga, wa kushoto upoupo tu. Nikamtania kwamba uzee umemwanzia vidoleni. Hakucheka. Kesho yake nikamkuta ameziacha panga zote mbili, amebeba upanga mkubwa, eti mimi ndiye niliyesema kweli siku zote. Kaka yangu huyo, ambaye hajawahi kunikubalia hata kwenye chumvi ya mchuzi! Nikaogopa.

Nikaanza kumchunguza. Nikamwona anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, anahangaika, anatukana chinichini. Nikamuuliza. Akasema ni ganzi tu, itaondoka, na mama asijue. Huko Kerege kulikuwa na harusi inayosubiri nazi zake.

Mkwezi akifika juu, mkono wa kushoto unakumbatia mnazi, wa kulia unakata. Hana mwingine wa akiba. Asubuhi ya kuziangua, hapa hapa nyumbani, nilimsihi mpaka nikalia, nikamwambia amwachie mwenzake kazi. Akajibu kwamba ameshaahidi, na mkwezi akianza kukataa minazi, haitwi tena. Akatia miguu kwenye kitanzi cha kamba, akachomeka panga lake la kazi kiunoni, akapanda polepole kuliko nilivyowahi kumwona.

Wakwezi wana ada yao: kabla ya kuangusha nazi hupiga kelele, walio chini wajitenge. Nikajitenga, nikaisubiri ile kelele. Kimya. Nikatazama juu. Panga bado liko kiunoni. Ameung'ang'ania mnazi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unaning'inia.

Jikoni mama alikuwa anakoroga uji. Akapaza sauti kuniuliza mbona hasikii nazi zikianguka.

Ndipo kaka akaniita, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mdogo wangu, mzuie mama asitoke nje."