Fundi wa magobore aliyekataa kutia sahihi

Saa moja asubuhi, wauza mnanaa wakiwa bado wanapanga mafungu yao, Maati Benkasu ameshauning'iniza mtutu wa gobore kwa waya kwenye boriti ya karakana yake. Anaugonga kwa ufunguo wa mlango. Mtutu unalia kama kengele ndogo, mlio unakaa hewani, kisha unafifia. Anaugonga tena, chini kidogo. Anatega sikio. Anagonga mara ya tatu.

"Huu mzima," anasema. Lakini haushushi. Anaugonga tena.

Mteja aliyeketi mlangoni anacheka. "Fundi, utautoboa kwa kuugonga. Si umesema mzima?"

"Nimesema. Sasa nasikiliza kama nimesema kweli."

Maati ana miaka 58, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki nyuma ya wahunzi, kwenye soko la Jumanne la Ulad Sbaita, uwanda wa Dukkala. Baba yake alikuwa fundi hapa hapa. Vikosi vinne vya wapanda farasi, watu wapatao sitini, humletea magobore yao kabla ya kila musem, sikukuu ambayo farasi hupigwa mbio kwa mstari mmoja na magobore yote hulia kwa mpigo mmoja, baruti tupu bila risasi. Msimu ukiwa mzuri hupata dirham elfu tatu kwa mwezi. Wakati wa baridi hunoa majembe na mikasi ya kukatia manyoya ya kondoo.

Kwa miezi mitano sasa mtu huyu hatulii.

"Anakula kasimama," anasema mkewe, Hadda. "Namwekea harira, anaizunguka kama paka. Namwambia, Benkasu, kaa, hiyo supu haikimbii. Anakaa. Nikigeuka, keshatoka nje."

Yalianza Machi, serikali ilipotangaza rasimu ya kanuni mpya za silaha na risasi. Wananchi walipewa siku sitini za kutoa maoni. Rasimu iligusa kila mwenye bunduki. Wawindaji wangeruhusiwa risasi mia moja tu kwa msimu. Wenye magobore wangetakiwa kuyapeleka yote kwenye maabara moja iliyo mji mkuu, safari ya nusu siku, yapimwe na kugongwa namba. Litakaloshindwa kipimo litakatwa papo hapo, na mwenyewe harudishiwi chochote. Baruti isingekaa tena majumbani. Mkuu wa kikosi angekwenda kuichukua kwenye ghala la serikali asubuhi ya sherehe na kurudisha iliyobaki jioni.

Soko zima lilichemka. Mpanda farasi mmoja alisimama juu ya gunia la shayiri akauliza kama huyo mtu wa maabara amewahi kupanda hata punda. Mwingine akataka kujua, baruti ikikaa mjini, huku watu wafyatue nini, mate?

"Na mimi nguruwe pori wamelala ndani ya mahindi yangu," alisema mwindaji mmoja. "Au nao wamepewa nakala ya rasimu?"

Watu walicheka, lakini hasira ilikuwa ya kweli. Katika nyumba nyingi za hapa gobore ndicho kitu pekee cha thamani kilichopita kutoka kwa babu kwenda kwa baba, kitako chake kimepambwa kwa mfupa na fedha, na anayelirithi huhesabiwa kuwa ndiye aliyeshika ukoo. Kumwambia mtu kama huyo kwamba litakatwa kwa msumeno ni kumwambia jambo zito.

Maati naye alikasirika. Bado amekasirika. "Ile rasimu imeandikwa na mtu ambaye hakutuuliza hata swali moja," anasema. "Angekuja akanywa chai hapa, angeandika mengine."

Wiki ya tatu, Haji Jilali Serghini alifika karakanani na karatasi. Haji ndiye mkuu wa kikosi kikubwa kuliko vyote hapa, mtu wa miaka sabini anayekaa juu ya farasi kama kijana. Alikuwa ameandika ombi la kuipinga rasimu na alitaka sahihi ya Maati pamoja na muhuri wake, kwa sababu ni fundi mmoja anayehudumia vikosi vyote vinne. Bila yeye, karatasi ingekuwa kelele za wapanda farasi tu.

Maati alisoma hadi katikati, akasimama kwenye sentensi moja. Ilisema magobore ya Dukkala yote hukaguliwa na fundi, na hakuna hata moja lililowahi kumdhuru mtu kwa ubovu wake.

"Haji, hii hapa siwezi."

"Huwezi nini? Kusoma?"

"Kuitilia sahihi. Wewe unajua na mimi najua."

Maati anasema Haji aliikunja karatasi taratibu. "Yaliyopita tumeyazika, Fundi. Usitufukulie. Mkutano ni Ijumaa baada ya sala. Njoo na muhuri wako."

Walichokijua wawili hao kilitokea miaka miwili nyuma. Siku tatu kabla ya musem, mpanda farasi aitwaye Miludi Lahrash, wakati huo akiwa na miaka 32, alileta gobore la marehemu baba yake lisafishwe. Maati aliligonga, likatoa mlio uliokufa. Alipaka mafuta na majivu, akauona ufa, mwembamba kama unywele, karibu na tundu la fataki. Aliliweka pembeni, akinuia kumwambia Miludi alitundike ukutani na asilifyatue tena.

Lakini aliyekuja kulichukua hakuwa Miludi. Alikuwa Haji Jilali. Kikosi kilihitaji watu kumi na watano kamili ili kiruhusiwe kushindana, na hapakuwa na gobore la akiba.

"Akaniambia, ni mbio tatu tu, Fundi, kisha ulivunje ukipenda," anasimulia Maati. "Nikauziba ule ufa kwa shaba. Nikaupiga msasa mpaka ukawa hauonekani. Nilifanya kazi safi sana. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijitahidi lisionekane."

Katika mbio ya pili mtutu ulipasuka. Miludi alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na sikio la upande huo halisikii tena. Pale pale uwanjani watu walisema kazidisha baruti. Haji alisema hivyo. Maati alinyamaza. Miludi mwenyewe, alipotoka hospitali, aliwaambia wote waliokuja kumwona kwamba kosa lilikuwa lake.

Alhamisi ile, siku moja kabla ya mkutano, Maati alifunga karakana saa nne asubuhi na kwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Miludi. Alimkuta anamwagilia viazi sukari kwa mpira. Hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama kwenye mfereji, viatu vikijaa maji.

Miludi anaikumbuka vizuri asubuhi hiyo. "Alisema haraka haraka kama mtu anayetapika. Mimi nilikuwa namwelekezea sikio zima, nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia rudia. Akarudia."

Kisha alimuuliza swali moja. "Ami Maati, kwa hiyo baruti yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, mwanangu."

"Miaka miwili naipima ile baruti kichwani," anasema Miludi. "Nikila naipima. Nikiendesha trekta naipima. Najiuliza mkono ulitetemeka wapi. Na yeye alikuwa anapita hapa barabarani na kunisalimia."

Alimfukuza. Maati anasema alifukuzwa kwa maneno ambayo gazeti halitayachapisha, na kwamba yalimstahili.

Ijumaa, banda la Haji Jilali la kuhifadhia majani makavu lilifagiliwa na kutandikwa mikeka. Wapanda farasi na wawindaji walijaa, wengine wakakaa juu ya marobota. Chai ilipita. Haji alisoma ombi kwa sauti, na kila kifungu kilipokelewa kwa sauti za kuafiki. Alipofika mwisho alimpa Maati kalamu.

Maati aliikataa kalamu. Alisema anaipinga rasimu kama wao, kwamba kukata magobore ya watu bila kuwasikiliza ni uonevu, na kwamba ghala moja la baruti kwa mkoa mzima ni wazo la mtu asiyejua barabara zetu. Lakini hawezi kuapa kuwa hakuna gobore lililomdhuru mtu. Kisha akaeleza kuhusu ufa, shaba na msasa. Jina la Haji hakulitaja.

"Unataka watunyang'anye magobore yote?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Serikali imekulipa?"

"Ingenilipa ningenunua viatu. Tazama hivi."

Haji alisimama. "Fundi amechoka," alisema. "Mkono umezeeka, na sasa anataka aibu yake iwe yetu sote. Nendeni kwa fundi mwingine."

"Fundi mwingine yuko wapi, Haji?" aliuliza Maati. "Mtaje mmoja."

Wakati huo Miludi alikuwa ameshaingia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kwenye rundo la viatu, na wengi hawakumwona. Alisema, bila kusimama, kwamba anataka karatasi. Ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Aliilaza juu ya goti, akaishikilia kwa vidole viwili vya kushoto, na kwa mkono wa kulia akaikata ile sentensi kwa mstari.

"Andikeni kwamba tunakubali kupimwa," alisema. "Lakini watupimie hapa, sokoni, mbele ya macho yetu. Na gobore likishindwa, lizibwe mdomo likae ukutani kwa mwenyewe. Lisikatwe. La baba yangu ningekuwa nalo mpaka leo."

Akamgeukia Haji. "Na wewe, Haji, ulikuja kulichukua wewe. Si yeye aliyelileta uwanjani."

Gazeti hili lilimfuata Haji Jilali nyumbani kwake wiki iliyopita kumuuliza kuhusu siku ile. Alimimina chai, akaongea juu ya farasi kwa nusu saa, kisha akasema: "Nilitaka tushinde. Andika hivyo. Lakini ile rasimu ni mbaya, na hilo pia andika."

Mkutano ulivunjika vipande viwili. Vikosi viwili na wawindaji wote walitia sahihi ombi lililorekebishwa, likiwa na muhuri wa Maati. Vikosi viwili, cha Haji kikiwamo, vilipeleka lao la zamani. Wilayani yalipokelewa yote mawili siku moja. Mpaka tunakwenda mitamboni hakuna jibu rasmi, na kanuni hazijapitishwa wala kufutwa.

Karakanani, Maati alilipa kwa njia nyingine. Wiki iliyofuata wateja kumi na mmoja walikuja kuchukua magobore yao bila kumsalimia. Mmoja alitema mate kizingitini. Hadda alitoka na ndoo ya maji, akamwaga pale pale, na maji yakafika viatuni mwa yule mtu. "Samahani, mwanangu," alimwambia, "naosha uchafu."

Lakini si wateja wanaomnyima Maati utulivu. Ni shaba. Ameketi na kukumbuka kila mtutu aliowahi kuuziba namna ile katika maisha yake. Mbali na ule wa Miludi, amepata ishirini na tatu. Tangu Mei anawazungukia wenyewe, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wasiifyatue. Kumi na saba imerudi, na ameiegemeza kwenye ukuta wa nyuma, midomo imezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, ikisubiri wenyewe waje kuitundika majumbani mwao. Sita bado. Wenyewe wanasema anawatisha ili kanuni zipite.

Siku hizi haendi peke yake. Mwezi uliopita Miludi alisimamisha pikipiki yake mbele ya karakana na kumwambia apande.

"Sijamsamehe," anasema Miludi. "Mtu asiandike kwamba nimemsamehe. Nakubaliana naye tu, na hayo ni mambo mawili."

Njiani hawaongei. Wakifika, Maati ndiye anayeeleza. Miludi huwa hasemi neno, isipokuwa kabla ya kuondoka humpa mwenye nyumba mkono wa kuagana, na humpa wa kushoto.

Maati ana mipango. Ameandikia ile maabara ya mji mkuu barua, akiomba afundishwe kupima mitutu kwa mashine ili kipimo kifanyike hapa sokoni, kanuni zipite zisipite. Mhandisi mmoja, mwanamke, alimpigia simu. Alimwambia aje Septemba kwa wiki mbili, na akamuuliza ana vyeti gani.

"Nimemwambia sina. Akaniuliza, sasa tutajuaje kama unaujua ufa ukiuona?" Maati anautazama ukuta wa nyuma. "Nimemwambia nitakwenda na majina ya niliowazibia mitutu."

Jumapili ijayo kuna musem, na magobore mawili kati ya yale sita yatakuwa kwenye mstari. Maati anataka yarudi kabla ya hapo. Ni saa tano, soko limejaa, na ni siku ambayo fundi hafungi mlango hata kwa mazishi. Nje pikipiki inanguruma. Anavua aproni, anafunga, anapanda nyuma.

"Tunaanza na yupi?" anauliza Miludi.

"Na Haji," anajibu Maati. "Gobore lake mwenyewe nililiziba mwaka ule ule."