Choo Nilichochimba Juu ya Kisima

Liko jambo moja ninalolikumbuka, mwanangu, hata nikijaribu kulisahau.

Nilikuwa kijana, kazi yangu kuchimba vyoo, huko kwetu karibu na mji wa Kabati. Kijiji kizima kilikuwa na kisima kimoja. Mzee Nzioka ndiye aliyekichimba, na kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakavuta udongo kwa karai na kamba msimu mzima. Kabla ya hapo walikuwa wakifukua mchanga mtoni na kungoja maji yajae, kata moja baada ya nyingine.

Kanisa likaniomba nichimbe choo. Wazee wa kanisa walinionyesha mahali pazuri, upande wa chini, mbali na kisima. Nilipiga sururu siku mbili, nikakutana na mwamba. Nikachoka. Bila kumwambia mtu nikahamia upande wa juu, hatua ishirini hivi kutoka kisimani, ambako udongo ulikuwa laini.

Mzee Nzioka alinikuta shimo limefika kiunoni.

"Kijana, hapo ni juu ya kisima."

"Mzee, kisima kiko kule, choo kiko hapa. Vitakutana wapi?"

"Huko chini. Mimi nimeingia mle, nimeona maji yakitokea upande huu. Fukia hilo shimo. Nitakusaidia kuvunja ule mwamba."

Mzee wa miaka sabini, ati anisaidie mimi! Nilicheka, mwanangu. Nikaendelea kuchimba, choo kikaisha, watu wakaanza kukitumia.

Mvua ya Novemba ilinyesha vizuri mwaka huo. Maji ya kisima yakapanda, maangavu, baridi, hayana harufu. Tukatoa shukrani kanisani. Haukupita muda watoto wakaanza kuhara na kutapika. Dada yangu Mumbua alikuwa na miaka sita. Mama alimnywesha maji kikombe baada ya kikombe ili apate nguvu, na maji yenyewe nilikuwa nikiyachota mimi, kisimani. Nilimbeba kumpeleka hospitali, akafia mgongoni mwangu kabla hatujafika barabarani. Wiki hiyo tukazika wengine wawili.

Afisa wa afya alikuja, akatazama choo, akatazama kisima, akasema vyote vifungwe. Nilimwendea Mzee Nzioka nikapiga magoti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Lete koleo." Tukafukia kisima chake, yeye na mimi, kina mama wamesimama na mitungi mitupu. Kila alfajiri, mpaka alipokufa, nilimsikia Mama akitoka kwenda mtoni.

Tangu hapo nimesema kanisani, nimesema kwenye baraza la chifu. Watu huniitikia kwa kichwa, kisha huenda kuchimba pale palipo laini. Juzi nimeona shimo jingine jipya, juu ya kisima cha shule. Nimewasihi. Wameniambia nimezeeka.

Basi nakuambia wewe. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, na kiwe mbali, hata kama kuna mwamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiimwage karibu na maji. Funika kisima, chemsha maji ya kunywa, na usiyaamini macho yako, kwa maana maji yaliyomuua Mumbua yalikuwa maangavu. Ukishaharibu maji yaliyo chini ya ardhi, hakuna mkono unaofika huko kuyasafisha. Mimi nimeshindwa.

Mungu akupe maji safi karibu na mlango wako, mwanangu, na watoto wako wakue, waje wakuzike wewe.