Siku Niliyovunja Mlango wa Stoo

Siku ya tatu na ya mwisho ya mafunzo, mkufunzi alituuliza: "Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, ukimnyima ghafla, nini kinatokea?"

Tulikuwa wahudumu wa afya kutoka zahanati mbalimbali, tumekusanyika Karatu mjini kujifunza namna ya kuwasaidia waraibu. Mmoja wetu akajibu, "Anapata akili." Tukacheka. Mkufunzi hakucheka. Alisema mtu huyo anaweza kuona vitu visivyokuwepo, akashikwa na degedege, akafa. Niliandika neno kufa, nikalipigia mstari. Nilikuwa namfikiria kaka yangu.

Kaka alikuwa dereva wa watalii, anaijua barabara ya kushuka kreta ya hifadhini kuliko ua wa nyumbani, mpaka pombe ilipomfukuzisha kazi. Akarudi kwa mama, kijijini Ganako.

Mafunzo yalipoisha nilikwenda kuwaona. Nilimkuta mama anafuta machozi nje ya stoo ya mahindi. Mlangoni pana kufuli. Baba mkubwa, aliyeshika ukoo tangu baba afariki, ameketi kwenye benchi.

"Shikamoo, baba mkubwa. Kaka yuko wapi?"

"Marahaba. Yumo humo tangu jana asubuhi. Siku saba bila tone, atatoka mtu."

Nilichungulia kwenye ufa wa mbao. Kaka alikuwa ameloa jasho, anatetemeka mwili mzima, anafukuza nyuki ambao mimi sikuwaona.

"Naomba funguo."

"Mtoto wa kike! Umesoma siku tatu, leo unatufundisha sisi?"

"Siku tatu zimenitosha kujua kwamba atafia humu. Akifa, ni wewe utakayesimama mbele ya jeneza kutueleza?"

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Sauti yangu mwenyewe ilinitisha. Baba mkubwa hakutoa funguo, akageukia pembeni. Nikachukua shoka kwenye kuni, nikapiga komeo mpaka likang'oka. Mama ndiye aliyenisaidia kumtoa.

Jirani aliyekuwa anapakia vitunguu kwenye pikapu alishusha magunia, akatukimbiza hospitali. Njiani kaka alishikwa na degedege mapajani mwangu. Daktari alimlaza, akampa dawa, akasema, "Mngechelewa mpaka jioni, sijui."

Kaka alipona taratibu. Miezi michache baadaye akanywa tena, na ndugu wakaja kuniambia, "Tulisema." Niliwajibu kwamba mgonjwa wa kifua akianza kukohoa tena hafungiwi stoo, anarudishwa kwenye matibabu. Nikamrudisha. Safari hii ameshikilia. Analima maharage ya ngwara, na kila wiki anakuja zahanati kukaa na wanywaji wengine wanaotaka kuacha. Kuna siku anakuja amenuna. Anakuja lakini.

Baba mkubwa hajanisamehe. Kwenye vikao vya ukoo hunipa kisogo. Mimi naenda, naketi mbele, na nikiwa na neno nalisema.