Nilimpeleka Shangazi kwa Firauni

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kunitafutia mtu wa kumsingizia. Ndege haikukosa, Wamisri hawakukosa, wala shetani hakunishika mkono. Nilikuwa na akili zangu timamu, tai shingoni na kalamu mbili mfukoni.

Jina langu sitaliandika. Watu wa Iringa wanalijua vya kutosha. Nyie wa Mbeya, ninakoishi sasa, tafadhali msiniulize.

Mwaka ule treni ya Wachina ilipoanza kupita Mbeya, nilikuwa karani wa duka la vitambaa Iringa mjini. Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha kumtisha asiyekuwa nacho. Barua ya serikali ikifika mtaani, inaletwa kwangu niisome. Fomu, kwangu. Risala ya kumpokea mgeni, kwangu. Basi nikajiona mimi ndiye mtu pekee mjini niliyefunguka macho. Loo, macho gani hayo!

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa mjane, anakaa Kihesa na ng'ombe wake watatu wa maziwa. Asubuhi na mapema utamkuta na ndoo kichwani, mlango hadi mlango. Alikuwa na nia moja tu duniani: kuhiji. Mwaka ule akawauza ng'ombe wote watatu, hata yule mweupe aliyekuwa akimsemesha kama mtu.

Mwanamke hahiji bila maharimu wa kumsindikiza. Nikachaguliwa mimi, mtoto wa kaka yake. Nauli yake ilitoka kwenye maziwa, na nauli yangu ilitoka humo humo. Andikeni hilo kwa herufi kubwa.

Habari zikaenea. Watu wakaja na majina. Huyu anataka aombewe mtoto wake mgonjwa, yule mumewe aliyepotelea Makongolosi kwenye dhahabu, mwingine marehemu mama yake. Shangazi hajui kusoma, kwa hiyo mimi nikayaandika katika daftari la shule. Yakafika majina sitini na tatu, ya kusomwa siku ya Arafa, pale pale kwenye uwanja wa Arafa, ambako mahujaji husimama kuomba mpaka jua lizame. Mwenye kuikosa siku hiyo hana hija. Hilo nililijua. Nililisoma madrasa.

Mahujaji wengine wa Iringa walikuwa wanakwenda kwa kundi, ndege moja, moja kwa moja mpaka Jedda. Mimi nikakataa. "Tusafirishwe kwa mkumbo kama mbuzi wa mnada?" nikamwambia Shangazi. "Acha nikatutafutie njia ya kistaarabu."

Kule Dar es Salaam, katika ofisi ya kukatia tiketi, nikamkuta dada mmoja mwenye miwani. Akanieleza kwamba kuna tiketi inayomruhusu msafiri kushuka njiani, akae siku mbili tatu, kisha aendelee. Mwili ulinisisimka! Nikaanza kuchagua miji kama mtu anayechagua vitumbua.

"Nairobi siku mbili," nikasema. "Halafu Kairo siku tatu. Halafu Jedda."

Yule dada akavua miwani. "Kaka, Jedda iko kabla ya Kairo. Hapo utakuwa umepita ulikokuwa unakwenda, ndipo urudi nyuma. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Iringa."

"Basi ni kama mtu anatoka Iringa kwenda Mafinga, anapitia Mbeya kwanza."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi, kumbe nachekwa. "Dada," nikamwambia, "safari ni elimu."

"Sawa. Ila siku hizi za hija viti vinagombaniwa. Ukifika Kairo, kabla hujafungua sanduku, nenda ofisi ya ndege ukathibitishe viti vyenu vya kuendelea. Usipothibitisha wanawafuta. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Na kweli nilimsikia. Masikio hayana kosa katika habari hii.

Nairobi sikuichagua kwa elimu yoyote. Niliichagua kwa sababu ya suruali. Kwetu vijana walikuwa wanakamatwa kwa kuvaa bugaluu, na mimi nilisikia Nairobi zinauzwa dirishani, upana wa pindo unafagia barabara. Naam, nikiwa njiani kwenda hija nikanunua bugaluu na viatu vya raizoni, vile vya soli nene! Shangazi nilimwacha chumbani siku nzima na tasbihi yake.

Niliporudi akaniuliza, "Tumefika, baba?" Huniita baba kwa kuwa nimepewa jina la baba yake.

"Bado, Shangazi. Hapa tunapumzika."

"Mbona sijachoka?"

Tukafika Kairo Jumatano jioni. Baridi, magari, honi! Shangazi akasikia adhana inatoka minara mitano kwa pamoja, akalia. "Tumefika!" akasema. Nikamwambia bado. Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Alhamisi asubuhi ofisi ya ndege ilikuwa wazi, na kutoka hotelini ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nikajiambia, viti vitakimbilia wapi? Nikavaa raizoni, nikamchukua Shangazi, tukaenda kuyaona mapiramidi.

Nikapiga picha juu ya ngamia. Nikapiga nyingine nimeegemea jiwe, mkono kiunoni. Tayari nilikuwa nawaona akina fulani wa Iringa wakizigombania zile picha. Shangazi alikuwa amekaa kivulini, kikapu chake cha kashata na daftari la majina mapajani.

"Haya mawe ni ya nini?" akaniuliza.

"Ni makaburi, Shangazi. Ya wafalme wa kale. Mafirauni."

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Firauni? Huyu huyu wa kwenye Kurani, aliyemkimbiza Musa?"

"Mmoja wa hao hao."

"Nimeuza ng'ombe zangu," akasema taratibu, "nimekuja kumzuru Firauni?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka yule mwenye ngamia naye akacheka.

Ijumaa ofisi ikafungwa. Jumamosi, siku yenyewe ya kuondoka, nikaingia pale na tai yangu na Kiingereza changu. Karani akapitisha kidole kwenye orodha, akageuza karatasi, akapitisha tena.

"Hamkuthibitisha," akasema. "Mmefutwa. Viti vimejaa mpaka baada ya Idi."

Nikamwambia mimi ni hujaji. Akanyoosha kidole nyuma yangu. Ofisi nzima ilikuwa mahujaji, na wenye viti walikuwa wale waliowahi.

Jamani! Kile Kiingereza cha kutisha watu kikaniishia mdomoni. Siku nne mfululizo nilikwenda uwanja wa ndege. Nikabembeleza, nikalia, nikamtanguliza Shangazi na uzee wake kama barua ya utambulisho. Tuliziona ndege zikijaa watu waliovaa nguo nyeupe, zinaruka. Tulibaki tumesimama sisi na sanduku lenye bugaluu.

Siku ya Arafa ikatukuta chumbani, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Adhuhuri Shangazi akatawadha, akavaa nguo zake nyeupe alizoshonewa Iringa, akakaa kitako akielekea kibla.

"Lete daftari," akaniambia. "Soma."

"Shangazi, hapa si Arafa."

"Najua hapa ni wapi. Kwani sikuona ulikonileta? Soma."

Nikasoma. Kila jina akaliinulia mikono. Yule mtoto mgonjwa, yule wa Makongolosi, marehemu mama wa jirani. Hakuruka hata moja, wala hakuharakisha. Sauti yangu ilikatika mara tatu, akaningoja kila mara. Tulipomaliza jua lilikuwa limeshatoka kwenye ule ukuta.

"Na wewe je?" akauliza. "Umejiandika?"

Sikuwa nimejiandika. Niliona kujiombea ni kazi ya wasiojua kusoma.

Mngedhani hapo nilijifunza. Wapi! Tuliporudi Dar es Salaam nikapita madukani Kariakoo, nikanunua tende, tasbihi na kofia, nikavitia mfukoni kama vitu vya Makka. Ndani ya basi la kupanda Iringa nikaanza kumfundisha Shangazi maneno.

"Tukifika waambie joto lilikuwa kali, watu walikuwa wengi, basi. Nani atajua?"

"Mwenye Nyumba ya Makka anajua," akasema.

"Namaanisha watu wa Iringa."

"Mimi sitasema uongo, baba. Ukitaka kusema, sema wewe. Mdomo ni wako."

Basi likapanda Kitonga likiguna, na mimi nikaguna nalo. Nikajipa moyo kwamba atanyamaza. Mtu aliyekulea, atakuaibisha?

Tulipokewa kwa dufu! Kanga mabegani, vigelegele, sinia za pilau uani kwake Kihesa. Hata jirani yetu mzee wa Kihehe, asiye Mwislamu, alikuja na kofia mkononi: "Kamwene, Haji!" Haji! Neno lile lilinipanda kichwani kuliko pombe. Nikasimama juu ya kiti. Nikawaeleza Arafa. Nikasema watu walikuwa wengi kama nyasi za Usangu, jua kama tanuru, machozi kama mvua. Hata mimi nilianza kuamini kwamba nilikuwako.

Shehe wetu, mzee mpole, akamgeukia Shangazi. "Nawe, Bi Haji, ulitukumbuka?"

Wapiga dufu wakashusha mikono. Shangazi akasimama, akaweka kikapu chini.

"Niliwaombea wote," akasema. "Jina kwa jina. Lakini niliwaombea Misri, chumbani, juu hotelini. Makka sijafika. Msiniite Haji, nitaingia dhambini. Nilichokiona ni kaburi la Firauni. Ni kubwa kweli."

Mpiga dufu mmoja, aliyekuwa hasikii vizuri, akaendelea kupiga peke yake mpaka akavutwa kanzu. Halafu mwanamke mmoja kule nyuma akacheka. Akacheka mwingine. Nikiwa bado juu ya kiti, nikasikia jina langu jipya likizaliwa: "Haji Firauni!"

Nilishuka. Hakuna aliyenipa mkono. Shehe alinitazama tu, akanionyesha mlango kwa macho.

Tangu siku ile barua hazikuletwa tena kwangu. Watu walikuwa tayari kulipa nauli mpaka Kalenga wakasomewe na mwalimu, lakini si kuja kwangu mtaa wa pili. Yule binti niliyekuwa nimemposa, baba yake alirudisha barua yangu ya posa haijafunguliwa. Juu yake kaandika: "Pitia Kairo kwanza." Na mimi niliyezoea kumcheka asiyejua kuandika!

Nikahamia Mbeya. Nikapata kazi ya kupima vitambaa. Wiki ya tatu akaingia dukani dereva wa lori wa Iringa, akanitazama, akaita kwa furaha: "Aa, Haji Firauni! Kumbe umeshukia huku?"

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe wakati mwingine hucheka. Lakini Shangazi hana ng'ombe. Kibali cha pesa za kigeni hakikutolewa mara ya pili, na hata angekipata, angeuza nini? Yeye aliyegawa maziwa Kihesa nzima, sasa huenda kwa jirani na kikombe.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda kumwomba radhi, mara ya kwanza tangu nihame. Nilimpelekea mchele na sukari. Alinipokea kana kwamba nimetoka sokoni. Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima, akanikata: "Umekula?" Akaniletea ugali na maharage, maji ya kunawa, akakaa mkekani kunitazama.

Nilikuwa tonge la nne nilipoona hagusi chakula.

"Shangazi, mbona huli?"

"Leo Arafa," akasema. "Nimefunga."

Wasiokwenda hija hufunga siku hiyo. Mimi, kati ya watu wote, nilikuwa sikuikumbuka! Nikataka kunawa. Akanirudishia sahani mbele.

"Kula, baba," akasema. "Wewe ni msafiri. Msafiri hana lawama."

Hakutabasamu, wala hakununa. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinichapa. Nilikula, jamani. Nilimaliza sahani yote, kwa kuwa yeye alikuwa ananitazama.

Sasa nyie mnaojivunia tiketi zenye vituo vingi, nisikilizeni. Ukikabidhiwa mzee umfikishe mahali, mfikishe kwanza. Ukiambiwa na dada mwenye miwani ukathibitishe viti, kathibitishe hata kama hujanywa chai. Mapiramidi yamekaa pale maelfu ya miaka na hayana safari. Yatakusubiri. Mwenye ng'ombe watatu hatapata wengine.